Mgono Ndani ya Damu

  Mazungumzo ya leo yanahusu dawa, lakini hatutaanzia hospitali. Tutaanzia kijitoni, pale muhogo unapolowekwa.

Mama yeyote wa hapa Kampene anajua kwamba muhogo mchungu hauliwi siku unapong'olewa. Unamenywa, unazamishwa majini siku tatu au nne mpaka ulainike na kutoa ile harufu yake, ndipo unaanikwa, unatwangwa, unakuwa unga wa ugali. Bibi zetu walijua hayo kabla mkemia hajafika. Mkemia alipofika, alichoongeza ni maelezo ya yale yanayotokea humo majini. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, nacho kimebeba sumu ya sianidi kama mama alivyobeba mtoto mgongoni. Karibu nacho, lakini ng'ambo ya ukuta mwembamba, yupo mfanyakazi aitwaye linamarasi. Muhogo ukiwa mzima, hawa wawili hawakutani. Ukilowekwa, kuta zinalainika na kubomoka, linamarasi anaifikia linamarini, anaikata, sumu inafunguliwa mgongoni na kwenda zake na maji na hewa.

Msidhani hili ni jambo dogo. Katika Bandundu ya zamani, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa na muhogo ukawa biashara ya haraka, watu walianza kupunguza siku za kuloweka. Linamarasi hakupewa muda wa kumaliza kazi. Sumu ikabaki katika unga, na miguu ya watoto na ya akina mama ikapooza ghafla, isipone tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Siku moja au mbili zilizokatwa majini, mtu akalipa kwa miguu yake maisha yote.

Mfanyakazi huyo wa ndani ya muhogo ana jina la ukoo. Anaitwa kimeng'enya. Ukoo wake ni mkubwa mno. Umejaa katika kila jani, kila samaki, kila mtu, na kila kimelea kinachotuingia mwilini.

Kimeng'enya ni protini, na protini ni kama uzi mrefu wa shanga. Shanga zenyewe zinaitwa asidi amino, ziko aina 20, na uzi mmoja unaweza kubeba shanga mia kadhaa. Uzi huo haukai umenyooka. Unajikunja wenyewe, kila mara kwa namna ile ile, mpaka unakuwa donge lenye mabonde na mashimo. Shimo moja kati ya hayo ndilo mahali pa kazi. Mimi nitaliita mfuko. Kitu kinachotoshea katika mfuko ule kinashikwa, kinakatwa, au kinaungwa, au kinavuliwa kipande, kisha kinaachiliwa na kingine kinaingia. Kisichotoshea kinapita nje. Chukua tonge la ugali ulitafune polepole bila kumeza: baada ya muda utausikia unakuwa mtamu. Kimeng'enya cha mate kinakata wanga kuwa sukari papo hapo ulimini. Mafuta ya mawese hakiyagusi. Nyama hakiigusi. Kazi yake ni wanga tu, kwa sababu mfuko wake una umbo la wanga tu.

Shikeni neno hilo, maana ndilo kamba ya mazungumzo yote: umbo la mfuko ndilo linaloamua kazi. Na mtu anayeujua mfuko wa kimelea kinachotuua, akajua unashika nini na unakifanya nini, mtu huyo anaweza kukitegea mtego ambao kitauingia kwa miguu yake chenyewe.

Sisi watu wa Maniema tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili. Mkoa wetu uko katika ramani ya ugonjwa wa usingizi, ambao wengine huuita malale, tangu enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwishoni mwa mwaka 1901, daktari kijana wa Liverpool aliyeitwa Joseph Everett Dutton alitazama damu ya mgonjwa huko Gambia akakitambua kiumbe kidogo chenye mkia, tripanosoma. Baadaye akaja Kongo na mwenzake John Lancelot Todd kuufuatilia ugonjwa huo. Hakurudi kwao. Alifia Kasongo, hapa hapa Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30, kwa homa ya kupe ambayo alikuwa akiichunguza. Basi mtu wa kwanza kukitambua kimelea cha malale katika damu ya binadamu amelala katika udongo wa mkoa wetu.

Ugonjwa wenyewe wazee wanaujua. Mbung'o anakuuma kando ya mto, penye kivuli, pale mnapoteka maji au mnapoegesha mtumbwi. Kimelea kinaingia katika damu. Homa inakuja na kwenda, kichwa kinauma, tezi za nyuma ya shingo zinavimba. Miezi inapita, hata miaka. Halafu kimelea kinavuka na kuingia katika ubongo. Hapo mtu analala mchana na kukesha usiku, anakuwa mkali kwa wanawe, anasema maneno yasiyo yake, na jamaa wanaanza kuulizana ni nani aliyemroga. Asipotibiwa, anakufa. Miaka ya 1990, timu za kuzunguka vijijini kupima damu zilipokosa fedha na magari, ugonjwa ulirudi kwa kishindo. Mwaka 1998 nchi yetu peke yake iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000, na hao ni wale tu waliofikiwa.

Walitibiwa kwa nini? Ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, kwa miongo mingi dawa kuu ilikuwa melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949. Ndani yake mna arseniki, sumu ile ile ya panya. Ilichanganywa katika kimiminika kikali kiasi kwamba bomba la sindano la plastiki lililainika, ikabidi kutumia la kioo. Wagonjwa walisema ni kama moto unaotembea katika mshipa. Na kati ya kila wagonjwa 100 waliochomwa, watu 5 hivi waliuawa na dawa yenyewe. Hebu fikiria uko kitandani na dokta anakuambia hivyo, naye hana kingine cha kukupa. Ukikataa, utakufa kwa malale. Ukikubali, huenda ukafa kwa dawa.

Kwa nini melasoproli ilikuwa hivyo? Kwa sababu arseniki haichagui. Inang'ang'ania vitu vingi ndani ya kimelea, na vingi vinavyofanana navyo ndani ya mtu. Ni kama kuchoma msitu mzima ili umpate nyoka mmoja. Watu waliokuwa wakiitoa hawakuwa wakatili. Walikosa kujua, au walijua kidogo sana, ni wapi kimelea kinatofautiana nasi. Nasi tulilipa kutojua huko kwa roho za watu.

Sasa tuje kwenye mgono.

Mmewaona Wagenia wa Lualaba wakitega. Mgono unafumwa kwa fito, mdomo mpana, koo jembamba, na vijiti vya ndani vimeelekea upande mmoja. Mvuvi hamfukuzi samaki. Samaki anaogelea kama anavyoogelea siku zote, anafuata maji, anaingia kwa nguvu zake. Akitaka kurudi, vijiti vinamzuia. Kilichomkamata ni mwendo wake wa kila siku.

Katika tripanosoma kuna kimeng'enya kinachoitwa ornithini dekaboksilasi. Jina ni refu, kazi ni fupi: kinapokea kitu kidogo kiitwacho ornithini, kinakivua kipande kimoja ambacho kinatoka kama hewa ya kaboni, na kinachobaki kinaitwa putresini. Putresini ni mwanzo wa vitu ambavyo kimelea hakiwezi kuzaana bila hivyo. Pia kinavitumia kujitengenezea ngao yake ya pekee inayokilinda dhidi ya makali ya ndani ya seli, ngao ambayo sisi binadamu hatuna. Funga kimeng'enya hicho, na kimelea kinabaki bila mbegu na bila ngao.

Miaka ya 1970, wakemia waliokuwa Strasbourg, Ufaransa, walikuwa wanakichunguza kimeng'enya cha ukoo huo kwa ajili ya saratani. Walijua kinavyoshika ornithini na kinavyoivua kile kipande, hatua kwa hatua. Basi wakatengeneza ornithini ya bandia. Ina umbo karibu sawa na ile ya kweli, ila wameichomekea atomi mbili za florini mahali palipochaguliwa. Dawa hiyo inaitwa eflonithini. Inafika kwenye mfuko, mfuko unaipokea kama mgeni wake wa kila siku. Kimeng'enya kinaanza kazi, kinaivua kipande, kama kawaida. Lakini kwa kuivua, florini inaruka, na kilichobaki kinakuwa kama ndoana: kinaichoma shanga mojawapo ya kimeng'enya na kujifunga hapo moja kwa moja. Kimeng'enya kimejifunga kwa kazi yake chenyewe. Mnaona? Huo ni mgono. Kama kimeng'enya kisingefanya kazi, dawa ingepita bila madhara.

Mwaka 1980 huko New York, Cyrus Bacchi na wenzake waliijaribu dawa hiyo kwa panya wenye tripanosoma, na panya wakapona. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa Sudan ya kusini katika miaka iliyofuata. Watu waliokuwa wamezama usingizini waliamka, wakala, wakaita majina ya watoto wao. Wako waliosema dawa hiyo inafufua.

Lakini msikilizaji makini atauliza: na sisi je? Kimeng'enya hicho hatuna? Swali zuri. Tunacho. Na mfuko wake unafanana na ule wa kimelea kwa karibu sana. Eflonithini inaufunga wa kwetu vile vile. Kama tungetazama umbo la mfuko peke yake tungesema dawa hii haifai, itamuua mgonjwa pamoja na kimelea. Tofauti iko kwingine. Kimeng'enya cha kwetu kina mkia wa shanga 37 hivi ambao ni kama alama ya kukiambia mwili: kivunje hiki, tengeneza kingine. Kinaishi dakika kadhaa, hadi saa moja hivi, kisha kinavunjwa na kipya kinachukua nafasi yake. Kikifungwa leo asubuhi, kabla ya chakula cha mchana mwili umeshajitengenezea vingine. Kile cha tripanosoma hakina mkia huo. Kinakaa saa nyingi bila kubadilishwa. Kikifungwa, kimelea kinabaki na wafanyakazi waliofungwa kamba, na wapya hawaji upesi.

Ushahidi uko kwa jirani zetu. Malale ya mashariki, kule Tanzania na sehemu za Uganda, inaletwa na ndugu wa kimelea hiki, na eflonithini haimwezi sawasawa. Watafiti walipochunguza waliona kwamba ndugu huyo anakibadilisha kimeng'enya chake haraka zaidi. Mgono ni ule ule, maji ni yale yale, ila samaki wapya wanazaliwa kabla mvuvi hajarudi. Kwa hiyo aliyetaka kutengeneza dawa ilimbidi ajue mambo mawili: mfuko una umbo gani, na mwenye mfuko anaishi muda gani. Umbo bila muda ni nusu ya habari.

Picha ya mfuko wenyewe ilipatikana mwaka 1999, mjini Dallas, katika maabara za Margaret Phillips na Elizabeth Goldsmith. Namna ya kuipata ni hii: unakisafisha kimeng'enya mpaka kibaki peke yake, unakiacha kiganda taratibu kuwa fuwele, kama chumvi inavyoganda, kisha unapitisha miale ya eksirei. Miale inatawanyika, na kwa hesabu ndefu unajua kila atomi imekaa wapi. Walichokiona kinapendeza. Kimeng'enya hicho hufanya kazi kikiwa wawili wawili, na mfuko uko kwenye kiungo, pale nusu moja inapokutana na nyingine. Shanga inayochomwa na ndoana, ya 360 katika uzi, inatoka nusu ya pili, inavuka mpaka na kuingia katika mfuko wa mwenzake. Ni kinu na mchi: kinu peke yake hakitwangi, mchi peke yake hautwangi.

Angalieni miaka lakini. Dawa ilikubaliwa Marekani mwaka 1990. Picha ilikuja 1999. Walioitengeneza eflonithini waliongozwa na kazi ya kimeng'enya, hatua zake. Umbo kamili likathibitisha baadaye. Katika UKIMWI ilikuwa kinyume. Umbo la kimeng'enya cha virusi kinachokata protini zake lilijulikana mwaka 1989, wakemia wakachonga dawa za kuuziba mfuko ule, na ya kwanza ikaingia sokoni mwishoni mwa 1995. Njia ni mbili, na zote zinafika. Anayesema sayansi inatembea kwa mstari mmoja hajaitazama ikitembea.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo neno langu la leo lilipo.

Eflonithini ni mgono uliofumwa kwa akili ya hali ya juu. Lakini figo zinaitoa haraka, inakwenda na mkojo. Ili mgono usikose mtu wa kuulinda, mgonjwa alihitaji dripu kila saa 6, mchana na usiku, kwa siku 14. Hesabuni: dripu 56. Sanduku la vifaa vya wagonjwa wawili tu lilikuwa na uzito wa karibu kilo 40. Lichukueni sanduku hilo kutoka uwanja wa ndege wa Kindu mlilete kwa pikipiki wakati wa mvua, mvushe vijito ambavyo daraja lake ni magogo mawili, mkifika mtafute muuguzi wa kuamka saa 6 usiku na saa 12 alfajiri kwa wiki mbili, na taa ya kumwonyesha mshipa. Dawa iliyokijua kimelea kwa kina kiasi hicho haikuijua njia ya Kampene.

Nayo ilikaribia kupotea. Mwaka 1995 ilisimamishwa kutengenezwa, kwa sababu wanaougua malale hawana fedha. Iliporudi kwa wingi ilirudi kwanza kama mafuta ya kupaka ya kuzuia nywele za usoni kwa wanawake, yaliyokubaliwa Marekani mwaka 2000, maana kimeng'enya hicho hicho kinafanya kazi kwenye mzizi wa nywele. Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka walipiga kelele, na mwaka 2001 mkataba ukapatikana wa kuitoa bure kwa wagonjwa. Tusisahau hilo. Kimeng'enya ni kile kile kwa tajiri na maskini. Anayetafutiwa dawa yake kwanza si lazima awe yule anayekufa.

Kuanzia 2009 eflonithini iliunganishwa na vidonge vya nifurtimoksi, dripu zikashuka mpaka 14 kwa siku 7. Bado ni dripu. Watu waliendelea kuuliza: hakuna cha kumeza?

Kilikuwepo, kimesahauliwa rafuni. Mwaka 2005 shirika la DNDi, linalotafuta dawa za magonjwa yaliyoachwa, lilipekua dawa za zamani zilizoachwa na wenyewe na kuikuta feksinidazoli. Na sasa nawarudisha kijitoni, kwenye muhogo. Feksinidazoli haizibi mfuko wa kimeng'enya chochote, inakitumia. Ndani ya tripanosoma mna kimeng'enya kinachoitwa nitroridaktasi, cha aina ambayo seli zetu hazina. Dawa inaingia ikiwa tulivu, kama linamarini iliyobeba mzigo wake mgongoni. Kimeng'enya cha kimelea kinaishika, kinaibadilisha, na sumu inafunguliwa humo humo ndani, nyumbani mwa adui. Kwetu sisi mfanyakazi huyo hayupo, basi mzigo haufunguliwi kwa namna ile. Yale yale ambayo bibi zetu waliyatumia kuisafisha sumu ya muhogo, hapa yanatumika kuielekeza sumu pale inapotakiwa.

Majaribio makubwa yalifanyika katika nchi yetu na Jamhuri ya Afrika ya Kati kuanzia 2012, yakiongozwa na dokta wa Kongo, Victor Kande. Wagonjwa 394 ambao ugonjwa ulikuwa umefika mbali walijitolea. Waliomeza vidonge, 91 katika kila 100 walipona. Waliopewa dripu na nifurtimoksi, 98. Vidonge vilikuwa chini kidogo, lakini vilikuwa vidonge: siku 10, hakuna sindano ya mshipa. Mwisho wa mwaka 2018 vilikubaliwa, Ulaya kwanza na Kongo mara baada yake. Wakongomani walitoa miili yao na damu yao ili jambo hilo lijulikane. Tuwataje kwa heshima, ingawa hatuna majina yao.

Na hatua ya mbele zaidi inaitwa akoziboroli. Hii ni vidonge vitatu, mara moja, imekwisha. Ilipatikana kwa kujaribu maelfu ya vitu juu ya kimelea hai, kisha kuichonga na kuichonga tena mpaka ikaweza kufika kwenye ubongo na kukaa mwilini muda mrefu. Ilikuwa tayari inaponya wagonjwa ndipo mwaka 2018 watafiti wakagundua inashika wapi: kimeng'enya kiitwacho CPSF3, ambacho kazi yake ni kukata jumbe za urithi za kimelea kabla hazijasomwa. Katika mfuko wa kimeng'enya hicho mna atomi mbili za zinki, na katika moyo wa dawa mna atomi ya boroni. Mchoro wa kompyuta unaonyesha boroni ikikaa pale pale karibu na zinki ambapo ujumbe ungekaa. Mwenye kiti akikuta kiti kimekaliwa, kazi inasimama. Matokeo ya majaribio ya Kongo na Guinea yalitangazwa mwaka 2022: wagonjwa 208, na kati ya wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo, 95 katika kila 100 walipona.

Sasa unganisheni mambo haya. Melasoproli haikukijua kimelea wala haikutujua sisi. Eflonithini ilikijua kimelea, haikuijua barabara yetu. Feksinidazoli na akoziboroli zilitafutwa na watu waliokuwa wakiuliza maswali mawili kwa wakati mmoja: ni nini kinachokiua kimelea bila kutuua sisi, na maisha ya mgonjwa yana umbo gani? Je, atatembea siku mbili kufika? Kuna umeme? Kuna muuguzi wa usiku? Hilo ndilo neno langu. Dawa lazima itoshee mara mbili. Itoshee katika mfuko usioonekana kwa macho, na itoshee katika begi la mhudumu anayekwenda na pikipiki. Ikikosa kutoshea mahali pamoja kati ya hapo pawili, mgonjwa anakufa na dawa ipo.

Walimu wa Kampene mnaonisikia, naomba kemia msiifundishe kama orodha ya majina ya kukariri. Mpelekeni mtoto kijitoni, mwonyesheni muhogo, mwambieni kuna mfanyakazi humo ndani. Leo hesabu za kompyuta zinaweza kukisia umbo la protini bila fuwele, na atakayelijua swali la kuuliza ndiye atakayefaidi. Anayejua barabara yetu tayari ana nusu ya jibu. Nusu nyingine inasomwa.

Wagonjwa wa malale siku hizi ni wachache. Tangu 2018 Afrika nzima inaandikisha chini ya 1,000 kwa mwaka, na wengi wao bado ni wa kwetu Kongo. Uchache huo una hatari yake. Ugonjwa ukionekana umekwisha, watu wanaacha kupimwa, na ndivyo ulivyorudi mara ya mwisho. Timu ya kupima damu ikifika kijijini, tokeni hata kama hamjisikii vibaya. Tone moja la damu ya kidole.

Kabla sijaaga, neno moja juu ya namna ya kumeza. Feksinidazoli hainywewi tumbo tupu. Lazima mgonjwa ashibe kwanza, kila siku kwa siku zote 10, maana bila chakula tumboni mwili hauipokei ya kutosha, na kiasi kinachofika kwenye damu hakikiwezi kimelea. Mhudumu wa afya atasimama amwone akila, kisha amwone akimeza. Kwa hiyo baada ya Strasbourg, New York na Dallas, baada ya miaka na fuwele na hesabu, kupona kwa mtu kunasubiri sahani. Shemeji aliyepika ugali, mtoto aliyeleta sombe, jirani aliyetoa samaki wawili, hao wote wamo katika dawa hiyo. Ukisikia mtu wa nyumba yako anatibiwa malale, usimuulize nani kamroga. Loweka muhogo mapema, usiharakishe siku zake, na umpelekee chakula asubuhi kabla ya vidonge.